Matairi ya Gari la Shemeji

Watu husema tairi likipasuka hulia kama bunduki. Si kweli. Bunduki hulia mara moja ikanyamaza. Tairi hulia, halafu hupumua, pumzi ndefu ya kitu kinachokata roho, na pumzi ile ndiyo inayobaki masikioni.

Niliisikia mara ya kwanza Ujerumani, katika kiwanda nilikopelekwa kujifunza kazi. Kulikuwa na chumba chenye kuta za zege. Ndani yake tairi lilizungushwa juu ya pipa la chuma, mchana kutwa, mpaka life. Sisi wanafunzi tulisimama nyuma ya kioo kinene tukiandika kila tulichokiona. Mwalimu wetu alikuwa na vidole vitatu tu katika mkono wake wa kulia. Hakuna aliyemuuliza vingine vilikwenda wapi.

Nilitoka pale na diploma. Nalisema hili bila kuona haya, maana hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mkubwa aliyenipigia simu. Nilisoma kwa asali. Nilikuwa nikiifuata Sikonge kwa baiskeli, madebe mawili nyuma na moja mbele, nikirudi nayo Tabora kwenye mchanga ambao hata waendao kwa miguu huukimbia. Kwa asali ile nikalipa shule, na kwa shule nikapata nafasi ya kwenda ng'ambo. Niliporudi, katika Tabora yote sikumjua mtu mwingine aliyesomea mpira wa tairi mpaka akapewa cheti chenye muhuri. Nilikitia kwenye fremu, nikakitundika sebuleni mkabala na mlango, ili mgeni akione kabla hajatoa shikamoo.

Nikapewa kazi katika karakana ya serikali. Ilikuwa miaka ya ujamaa, watu wanahamia vijijini, malori yanabeba mahindi, tumbaku, vitanda na vikongwe. Tairi jipya lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa subira. Mimi ndiye niliyeamua tairi lipi litaingia barabarani na lipi litakwenda kwa fundi wa katambuga likawe viatu. Madereva waliniogopa. Lakini wale waliokwenda kwa neno langu walirudi.

Mtu mmoja tu sikuweza kumwamulia, naye alikuwa shemeji yangu.

Alikuwa Mzaramo, fundi cherehani, mkazi wa Tabora tangu ujana wake. Alikuwa hodari wa kushona suti za mikono mifupi za wakubwa, na hodari zaidi wa maneno. Alimwoa mdogo wangu wa kike. Kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji, na kabla ya ushemeji alikuwa mtani, maana sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipoteremka pwani na meno ya tembo mabegani wakawakuta mababu zake wamekaa njiani. Walianza kwa kupigana, wakaishia kutaniana. Siku ya harusi nilisimama mbele ya watu nikasema bwana harusi ana mke mwingine Kisarawe, mwenye jino moja. Mdogo wangu alilia mpaka wanja ukamwagika, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndivyo inavyotakiwa. Naye baba yetu alipofariki, shemeji alikuja akalala juu ya jeneza, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa sababu marehemu alikuwa mbeba mizigo wake na ameondoka bila kuaga. Tulicheka huku tunalia.

Kati ya watani, basi, hakuna neno zito. Ukimwambia mtani wako atakufa kesho, atakwambia ukachimbe kaburi mapema na umwekee mto.

Halafu mwaka mmoja shemeji alinunua gari. Ilikuwa ya mhandisi wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake reli: nyekundu, fupi kwa kimo, viti viwili, iliyotengenezwa kwa ajili ya kukimbia na si kwa kazi nyingine yoyote. Ukikaa ndani ulihisi umekaa chini. Balozi wa nyumba kumi alipita akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ndugu yetu sasa amekuwa kabaila.

"Kabaila wapi, ndugu balozi," shemeji alimjibu. "Hii ni gari ya ujamaa kabisa. Kiti kimoja changu, kimoja cha mke wangu. Tumegawana sawa."

Balozi hakucheka. Aliizunguka mara moja, akaenda zake.

Matairi iliyokuja nayo gari yalikuwa vipara, hayana jino hata moja. Lakini mhandisi alikuwa ameacha mengine manne katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, na shemeji akayapata pamoja na gari. Aliniita niyaone siku ya Jumatano, nikitoka kazini. Alikuwa ameshayafunga. Yalikuwa mapana, yenye meno kamili, na yaling'aa kama viatu vya askari wa gwaride.

"Haya, Bwana Diploma," akasema. "Lia kwa wivu, usifiche."

Sikukaa kitini. Nilichuchumaa. Tairi la namna ile ni tairi la kasi, mpira wake ni laini makusudi ili ushike lami kwenye kona. Ni zuri mahali lilipozaliwa. Lami yetu ilianzia stesheni ikaishia kabla injini haijapata joto, na baada ya hapo ni changarawe, mchanga, na udongo mweusi wa mbuga. Hilo la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi. Nilipitisha kidole ubavuni kikatoka cheusi. Nikanusa. Ilikuwa dawa ya viatu. Nikachukua kitambaa nikasugua, na chini ya ule weusi nikaona nyufa, nyembamba, nyingi, zimepandana kama magaga ya kisigino cha mtu anayelima kiangazi kizima. Nikabonyeza kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea, halafu hurudi polepole. Ule haukubonyea hata kidogo.

Tairi huzeeka hata lisipotembea. Watu wengi hawalijui hilo. Wanatazama meno tu. Yale yalikuwa yamekaa miaka chini ya bati la Tabora, yanaokwa mchana na kupoa usiku, na nyuzi za ndani zinazobeba uzito zilikuwa zimekwisha. Yangekwenda vizuri mjini. Yangekwenda vizuri mpaka gari lishike kasi na joto lipande.

Nikasimama. "Shemeji, haya yatakuua."

Akapiga makofi. "Asante! Nilikuwa nashangaa, mtani kafika, hajanizika bado."

"Sikutanii."

"Hunitanii. Na mke wangu wa Kisarawe hajambo?"

Majirani waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Nikamweleza kuhusu nyuzi, joto na nyufa. Kadiri nilivyosema kwa uzito ndivyo walivyozidi kucheka, wakidhani nimepata mtindo mpya. Mmoja alinisifu, akasema sijawahi kutania vizuri hivyo. Nikamwambia shemeji nitamtafutia mengine manne ya barabara ya kawaida, ya umri mmoja, kipimo kimoja, yenye ubavu wa juu kidogo yasigonge mawe. Akasema, "Yaani unataka nifunge kashata kama lori la tumbaku?" Kashata ndilo jina tuliloyapa matairi ya meno makubwa. Wakacheka tena.

Ningeweza kuliacha hapo kama gari lile lingekuwa la kuzunguka sokoni. Lakini mdogo wangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya kungoja sana, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Mama yetu alikuwa Bukene. Shemeji alikuwa ameapa kwamba mkewe hatakwenda Bukene akiwa amebanwa kwenye behewa la daraja la tatu, atapelekwa kwa gari, Jumapili, kitongoji kizima kione. Jumamosi asingeweza, alikuwa na nguo za watu. Na miaka ile mafuta yalikuwa adimu. Jumapili, ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Kwa hiyo angetoka asubuhi, na angetaka kufika kabla ya saa nane, jua la Oktoba likiwa utosini, na njia nzima angekanyaga mafuta mpaka chini. Sikuhitaji kioo kinene kuliona jambo lile. Kila nilipofumba macho niliona pipa la chuma linazunguka.

Nikamwendea mdogo wangu peke yake. Alikuwa ameketi jikoni anachambua mchele, miguu imevimba, viatu kavua.

"Mwambie mumeo mpande treni," nikasema.

"Shikamoo kaka. Umekula?"

"Marahaba. Yale matairi ni mabovu. Yatapasuka njiani."

Akanitazama kwa yale macho ya tangu utotoni. "Kaka, ninyi wawili mtaacha lini? Mwezi juzi ulisema usukani utamng'okea mkononi. Kabla ya hapo ukasema mhandisi alifia ndani ya gari, na mhandisi mwenyewe nilimwona stesheni anakula karanga."

"Ule ulikuwa utani."

"Na huu je?"

Sikuwa na sauti nyingine ya kutumia. Nilikuwa na ile ile moja. Alinipa sahani ya wali, nikala, nikatoka. Nje upepo ulikuwa umekufa. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umetanda juu ya mji wote, jua jekundu ndani yake, na gari lile mbele ya nyumba liling'aa kuliko kitu kingine chochote mtaani.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilikwenda na jeki, spana na mkokoteni. Shemeji alikuwa kibandani kwake sokoni. Nilisimama mbele ya majirani nikapaza sauti:

"Jamani, Mzaramo kaweka mali njiani! Mimi mtani wake nateka!"

Vigelegele. Maana hiyo ndiyo haki yetu: mtani akiteka kitu chako huruhusiwi kukasirika, unakikomboa kwa kile atakachokutajia, na akishapokea lazima akurudishie. Wazee wakasogeza viti. Mama mmoja akaniletea maji ya kunywa. Nikainua gari kona moja baada ya nyingine, nikalikalisha juu ya matofali, nikapakia magurudumu yote manne. Kila mtu alicheka. Mdogo wangu alitoka mlangoni naye akacheka, halafu akasogea karibu. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Shemeji alifika kwangu kabla ya magharibi. Alicheka sana, kwa mdomo.

"Mbeba mizigo amebeba. Ni damu, hawezi kujizuia. Taja fidia yako."

"Samaki wa bahari," nikasema. "Wa kwenu. Hapa mkononi."

Nilidhani nimemfunga. Kutoka pwani mpaka Tabora ni safari ya treni, na Jumapili ilikuwa kesho. Akanitazama kidogo, akacheka tena, safari hii kwa moyo, akaondoka.

Jioni ile nilifanya kazi niliyosomea. Niliyapanga magurudumu uani nyuma ya nyumba. Lile lenye magaga mengi zaidi nikaliegemeza kwenye ukuta wa banda, mahali linapopigwa na jua la asubuhi, nikalijaza upepo mpaka kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake. Sikuzidisha. Kipimo chake lenyewe, ambacho tairi zima hubeba mwaka mzima bila kulalamika. Nikafunga mlango wa uani kwa kufuli.

Asubuhi, harufu ilimtangulia. Alikuja na papa mkavu, mrefu kama mkono, amefungwa kwenye gazeti. Papa wa pwani huletwa kwa treni na kuuzwa sokoni kwetu kila siku. Mimi, mtu wa diploma, nilikuwa nimesahau kwamba samaki wa bahari si lazima awe amekufa jana. Nyuma yake alikuja mdogo wangu, amevaa kwa safari, khanga mpya, kikapu mkononi.

"Samaki wa bahari," shemeji akasema, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mnuse uhakikishe."

Fidia ilikuwa imefika. Sikuwa na njia. Lakini aletaye fidia hukaribishwa, na hilo nalo ni desturi, kwa hiyo nikawakalisha barazani mbele, nyumba nzima ikiwa kati yao na ua. Nikaita chai. Nikaita vitumbua. Nikauliza habari za wateja, za cherehani, za ndugu zake wote wa Kisarawe mmoja mmoja. Mdogo wangu alikula vitumbua. Jua lilipanda juu ya mapaa, likawa jeupe. Nilikuwa nasikiliza kwa mgongo.

"Tunachelewa," shemeji akasema. "Saa nane haingoji. Nipe ufunguo niyachukue mwenyewe."

Akasimama. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Maliza chai."

"Bwana Diploma, mbona unanikamata kama mahabusu?"

"Kikombe kimoja."

"Niachie bwana. Unaniumiza."

Hapo ndipo lilipolia. Vikombe viliruka kwenye sahani zake. Vumbi lilishuka kutoka darini. Halafu ile pumzi, ndefu, nyuma ya nyumba, ikafuatiwa na kelele za kuku.

Tulikwenda wote watatu. Udongo wa ukuta wa banda ulikuwa umebomoka, fito zinaonekana. Kuku wawili walikuwa wamelala chini, wamekufa. Gurudumu lilikuwa limeruka mpaka upande wa pili wa ua, na ubavu wake ulikuwa umechanika mwanya ambao ungeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikaufunua nikawaonyesha nyuzi za ndani. Zilikuwa za kahawia, kavu, ukizigusa zinakatika kama nyasi za paa la zamani.

Shemeji alichuchumaa. Nilidhani anatazama nyuzi. Alikuwa anatafuta msumari.

"Umelitoboa," akasema.

"Tazama nyuzi."

"Au umelijaza kupita kiasi. Mtani, hii sasa umezidisha. Tairi la watu!" Na bado alikuwa anacheka, nusu nusu, kwa sababu utani ulimlazimisha kucheka.

Mdogo wangu hakuchuchumaa. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo, anautazama ule ukuta uliobomoka. Alitazama mahali gurudumu lilipokuwa, akatazama mahali lilipoangukia, akapima kati yake.

"Treni ya Bukene inaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Mke wangu, tutapata tairi lingine..."

"Nimeuliza treni."

Akageuka akaenda kuchukua kikapu chake. Shemeji akamfuata. Niliwasindikiza stesheni. Mdogo wangu alitembea mbele mikono mitupu, na mumewe nyuma, begi kichwani na kikapu mkononi. Nikamwuliza leo mbeba mizigo ni nani. Watu wa stesheni walicheka. Yeye alilisawazisha begi kichwani, akaendelea kumfuata mkewe.

Mtoto alizaliwa Bukene, wa kike, salama. Ana wajukuu sasa.

Walipokuwa huko nilimtafutia shemeji matairi manne ya kawaida, yametumika nusu, ya kiwanda kimoja na umri mmoja, mpira mgumu kidogo, yasiyopenda kasi. Nilimfungia kwa mikono yangu. Alilalamika mpaka alipoiuza ile gari, akisema nimeifanya itembee kama bibi harusi. Na mpaka alipofariki, mzee, kitandani kwake, alisimulia kila barazani jinsi shemeji yake mwenye diploma alivyomwibia magurudumu akapasua moja kwa msumari. Watu walilipenda simulizi lile. Nilikaa nikalisikiliza mara nyingi, mimi niliyeziona zile nyuzi, nikanywa kahawa yangu.

Sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nilikuwa sahihi, na yule binti ndiye ushahidi wangu.

Ila matairi yale yalikuwa manne. Moja lilipasuka uani kwangu. Yale matatu niliyavua kwenye rimu nikamrudishia siku ile ile, kabla hatujakwenda stesheni, kwa sababu papa nilishampokea. Nilimwambia ayapeleke moja kwa moja kwa fundi wa katambuga, akasema sawa. Miezi ilipita kabla sijamwuliza yule fundi, akaniambia hajawahi kuletewa mpira wa namna hiyo. Nikamwendea shemeji sokoni.

"Yale? Niliyauza," akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Alipita mtu na kigari cheupe, anatoka Kigoma huko. Matairi yake vipara vitupu. Mawili akafunga mbele, moja akaweka la akiba. Alifurahi sana. Nilikuwa nimeyapiga dawa ya viatu upya."

"Alikuwa anaelekea wapi?"

"Mashariki. Sikumwuliza."

"Ndani ya gari kulikuwa na watu?"

Akasimamisha cherehani, akafikiri. "Mkewe. Na watoto, nadhani. Walikuwa wanaimba."

Sikupata kumjua mtu yule. Niliwauliza madereva wa Nzega, wa Igunga, wa Kigwa mpaka wakachoka nami. Tangu siku hizo sijaacha tabia moja, ambayo wanangu wanaiona ya kizee. Tukiwa safarini, tukikuta kigari kidogo cheupe kimesimama kando ya barabara na watu wamekizunguka, huwa namwambia dereva asimame. Nashuka. Nawapita watu bila salamu, nachuchumaa, napitisha kidole ubavuni mwa tairi la mbele, halafu nakitazama kidole.